Mteja wa Kwanza wa Chamoi

Bunruean alifikisha miaka hamsini na tisa bila kununua hata fungu moja la mchaichai. Msimcheke sasa hivi, wekeni kicheko akiba, mtakihitaji. Ni fundi wa malori, mtu wa kazi na mtu wa watu, ila soko lilikuwa la mkewe Lamyai kama gereji ilivyokuwa yake yeye. Kwa miaka thelathini na miwili hakuna aliyevuka mpaka wa mwenzake, na ndoa ikaenda vizuri tu.

Asubuhi hiyo, kabla hata jogoo hajamaliza, Lamyai alikuwa ameketi kwenye godoro, mguu wa kulia juu ya mto, kifundo kimevimba na kupakwa dawa ya njano iliyonuka nyumba nzima.

"Vigae," alisema. "Nilikwambia tuweke sakafu ya saruji. Wewe ukataka vigae vya kung'aa, kama tunafungua benki."

"Nimeshasema pole."

"Umesema pole mara nne tangu jana. Mguu umevimba mara tano."

Ingekuwa siku nyingine, mguu ungepumzika na dunia ingeendelea. Lakini leo ndiyo siku yenyewe. Miaka miwili nyuma maji ya mto yaliichukua nyumba yao yote, sufuria kwa paa, wakaishi gerejini katikati ya matairi. Majirani walibeba mbao na matofali bila kudai hata senti. Na siku paa lilipopandishwa, Lamyai alisimama mbele ya watu wote wale, jasho linawatoka, akaahidi: siku watawa watakapokuja kuibariki nyumba hii, kila aliyebeba ubao atakula tambi za mchele na mchuzi wa samaki wa mkono wangu. Sasa watawa tisa wa hekaluni walikuwa wanakuja saa nne na nusu. Mtawa hali tena baada ya saa sita mchana, hilo halina mjadala. Tambi zilikuwepo, lakini jikoni hapakuwa na samaki, wala nazi, wala jani.

"Tununue mchuzi uliopikwa," alisema Bunruean. "Pale stendi wanauza kwenye mifuko."

Lamyai alimtazama mpaka akajuta. "Watu walitubeba mgongoni, Bunruean. Niwalishe cha mfuko? Afadhali nitambae mpaka sokoni kwa makalio."

Na angetambaa kweli, namjua. Majirani walikuwa wameshagawana kazi, huyu sufuria, yule viti na mikeka, na binti yao Orathai alikuwa bado kwenye basi kutoka kiwandani. Alibaki Bunruean. Akaandika orodha nyuma ya risiti ya chujio la mafuta: samaki, nazi, mchaichai, ndimu, ua la mgomba, kunde mbichi, na krachai, ile mizizi ya njano mithili ya vidole, ambayo bila hiyo mchuzi wa samaki ni maji ya kuoshea samaki.

Mwisho Lamyai akatoa chini ya mto noti ya kijani ya bahti ishirini, mpya, haina hata kunyanzi. "Hii weka mfuko wa shati, peke yake. Ni ya Chamoi, mwenye meza ya kona, pale nguzoni. Mpe hii kwanza, kabla hujagusa kitu. Umenisikia? Kabla hujagusa kitu."

"Nimesikia," alisema Bunruean, huku anatafuta ufunguo wa pikipiki.

Wake wenzangu mnaijua "nimesikia" ya namna hiyo.

*

Kitu cha kwanza alichokiona sokoni ni birika la Mjomba Sanit, muuza kahawa, linafuka moshi. Bunruean hakuwa amelala usiku, na kahawa ilinukia. Akaagiza kikombe na maandazi mawili marefu, akatia mkono mfuko ulio karibu, yaani wa shati, akalipa.

Sanit alikuwa bado hajauza. Aliipokea ile noti kwa mikono miwili, macho yakamng'aa, akaanza kuigongagonga kwenye birika, kwenye vikombe, kwenye kopo la sukari, mpaka kwenye kichwa cha paka wake. "Tajirika, tajirika, leo yote iishe!" Kwetu noti ya kwanza ya asubuhi haiingii sandukuni kimya kimya. Inapitishwa juu ya mali yote ili mali iamke, ndipo inawekwa kando mpaka jioni. Bunruean alicheka, akamaliza kahawa yake, akaenda kona ya nguzoni na mfuko wa shati mtupu.

Chamoi alikuwa ameinama akifungua gunia. Hakumjua Bunruean, na angemjulia wapi? Bunruean akaanza kazi. Kwa miaka arobaini amenunua vipuri, na kipuri hukinunui kwa kukitazama. Unakishika, unakigonga, unakinusa, unamwambia muuzaji bei yake ni wizi, halafu unaondoka ukaulize duka la pili na la tatu. Akachukua ua la mgomba, akabandua ganda la nje aone ndani. Akafinya ndimu sita. Akashika kunde moja ndefu, akaivunja katikati, kah! Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakwaruza krachai kwa ukucha, akanusa.

"Kiasi gani?"

"Thelathini fungu, kaka. Imeng'olewa jana jioni, ona udongo bado mbichi."

"Thelathini! Ina dhahabu ndani?"

"Haya, ishirini na tano basi, nifungulie biashara. Bado sijauza."

"Ngoja kwanza nizunguke kwa wenzako."

Akairudisha krachai, akajifuta mikono kwenye suruali, akageuka zake.

Jamani. Hata mtoto wa darasa la kwanza hapa kwetu anajua. Kama wewe ni wa kwanza, na umeshika, na umeuliza bei, unanunua. Hata ndimu moja. Ukiondoka mikono mitupu umeondoka na siku nzima ya mwenye meza. Chamoi alinyooka taratibu, kama mtu asiyeamini masikio yake.

"We baba! Rudi hapa!" Sauti yake ilifika kwa wauza nguruwe. "Umenishikia mboga zote, umenivua ua nguo, umenivunjia kunde, halafu unaenda kuzunguka? Alfajiri yote hii? Sijafungua mimi! Kisirani gani umeniletea? Mama yako hakukupeleka sokoni hata siku moja?"

"Nitarudi," alisema Bunruean, masikio yamewaka moto.

"Usirudi!"

*

Habari sokoni haitembei, inaruka. Bunruean alipofika kwa muuza nazi, yule mwanamke alifunika nazi zake kwa mikono miwili. "Kaka, umri wako ninauheshimu, lakini bado sijauza. Simama pale pembeni mpaka nipate mtu."

Akasimama pembeni. Babu mmoja akanunua nazi moja, ndipo naye akahudumiwa. Kwa muuza samaki akaulizwa, "Wewe ndiye uliyevunja kunde?" Akajibu ndiye. "Basi usishike. Nyoosha kidole tu." Mwanamume mzima, anayeshusha injini ya lori peke yake, akawa ananyoosha kidole kuomba samaki. Kila mara simu ilitetemeka mfukoni, jina la Lamyai linawaka, na kila mara aliirudisha. Angesema nini?

Kufika saa moja na robo kikapu kilikuwa na karibu kila kitu. Krachai tu hakuna. Leo ilikuwa siku njema kwenye kalenda, nyumba tatu nyingine zilikuwa na sherehe, na krachai ya soko zima ilikwisha mapema. Soko zima isipokuwa meza moja. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Bunruean akarudi nguzoni kwa miguu mizito.

Meza ya Chamoi ilikuwa vilevile alivyoiacha. Hakuna lililopungua. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ndoo, uso umekunjamana kiasi kwamba wateja walikuwa wakiuona, wanapita. Na jua lilikuwa limeanza kuchungulia. Mboga za majani hazingoji mtu. Saa tatu zikishanyauka, ni za bata.

"Shangazi," alisema Bunruean. Chamoi ni mdogo kwake kwa miaka kumi, lakini mtu mwenye shida humwita hata mtoto shangazi. "Nimekosa. Nipe krachai mafungu matatu, kwa bei yoyote."

"Sikuuzii."

"Shangazi, nakuomba."

"Nimesema sikuuzii! Hujaridhika? Tangu uondoke sijauza hata jani. Nikipokea hela yako sasa, mkosi wako ndio nimeupigia muhuri." Akainua kidevu kuelekea lango la soko. "Wa kunifungulia yupo njiani. Huwa wa kwanza kila siku, miaka ishirini, leo sijui kakawia wapi. Mkono wake ni wa baraka ule. Akiugusa tu mzigo, saa mbili nimemaliza. Huyo ndiye ataniondolea uchafu wako."

"Nani huyo?"

"Unataka umjue ukamharibie naye? Dada Lamyai."

Bunruean alikiweka kikapu chini. "Dada Lamyai haji leo."

"Wewe unajuaje?"

"Ameanguka."

Chamoi aliruka kutoka kwenye ndoo. "Ameanguka? Wapi? Yuko hai?"

"Yuko hai. Ameteguka kifundo. Aliteleza jikoni, kwenye vigae."

Chamoi alimsogelea. Akamtazama kuanzia viatu vyenye grisi, akapanda taratibu mpaka usoni. "Vigae vya kung'aa?"

"Ndiyo."

"Kama vya benki?"

"Ndiyo."

"Weee!" Chamoi alipiga makofi, akakamata nguzo asianguke. "Jamani njooni! Njooni mumwone! Mume wa Dada Lamyai ndiye huyu! Yule anayekoroma mpaka mbwa wa jirani wanajibu! Yule aliyehifadhi kikopo cha grisi kwenye friji, mama mkwe akaipaka kwenye mkate!"

Soko likaja, nami nikiwemo. Muuza nazi alikuja, wa samaki alikuja na kisu mkononi, wateja waliacha mizani wakaja. Miaka ishirini walikuwa wameyasikia maisha ya Bunruean kipande kwa kipande, kila asubuhi, na sasa mwenyewe yuko mbele yao. Kila mtu alikuwa na swali. Ni kweli alilia siku binti alipoondoka? Ni kweli anaogopa mijusi? Bunruean alisimama katikati ya kicheko, mwekundu kama pilipili, na cha ajabu, naye akaanza kucheka. Utafanyaje?

"Lakini hebu," Chamoi alijifuta machozi. "Dada Lamyai hawezi kukutuma hivihivi. Hakukupa noti uniletee?"

Bunruean alishika mfuko wa shati. "Nilinywa kahawa," alisema kwa sauti ndogo.

"Sanit!" Chamoi alishapita katikati ya watu kama gari la zimamoto. "Sanit, rudisha mkono wa Dada Lamyai!"

Mjomba Sanit alilikumbatia kopo lake kifuani. "Ya kufungulia haitoki mpaka jioni, mwulize yeyote! Leo nimeuza vikombe sitini, wanawake nyie, sitini! Nilijua tu noti ile ina kitu ndani yake. Paka mwenyewe hajawahi kula hivi!"

*

Simu ikatetemeka tena. Safari hii Chamoi ndiye aliyeichomoa mfukoni mwa Bunruean, bila kuomba, akaiwasha. Uso wa Lamyai ukajaa kwenye kioo.

"Bunruean! Saa moja na nusu, masufuria yamekaa juu ya moto, umeenda kuvua samaki mwenyewe? Hee, Chamoi?"

Watu sita walimweleza kwa pamoja. Kahawa, noti, kunde, ua. Lamyai alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka mguu ukamuuma, akawa analia "mguu wangu" na kucheka papo hapo. Chamoi pekee ndiye aliyeacha kucheka.

"Dada," alisema, ameisogeza simu karibu. "Ni mzaha, lakini si mzaha. Sijauza kitu. Jua linapanda. Mimi nifanyeje?"

Lamyai alifuta macho. "Chamoi, hebu itazame mikono ya huyo mtu."

Chamoi akatazama. Sisi sote tukatazama. Mikono ya fundi, minene, ukucha mmoja mweusi, kovu limepita kiganjani.

"Mikono hiyo imesimamisha nguzo ishirini na nne za nyumba hii," alisema Lamyai. "Akitoka gerejini jioni, anaanza upya. Miezi kumi na minane. Mvua ikinyesha sasa hivi mimi nalala pakavu, kwa ajili ya mikono hiyo. Kama hiyo si ya baraka, basi mimi sina mingine ya kukuletea."

Bunruean hakuwahi kusikia maneno hayo. Miaka thelathini na miwili, chumba kimoja, hakuwahi. Akainama kana kwamba anakagua kikapu, na sote tukajifanya hatuoni.

"Lakini Dada, alinivunjia kunde," alisema Chamoi, ameshalainika.

"Ataila hiyohiyo."

Basi akanunua. Krachai mafungu matatu, kwa thelathini, hakutaja bei nyingine. Akanunua ua alilolibandua, ndimu sita alizozifinya, na kunde fungu zima pamoja na vile vipande viwili. Akatoa noti kwa mikono yote miwili, ameinamisha kichwa. Chamoi aliishika noti ile kidogo, anaifikiria. Ni riziki yake hiyo, usidhani ni mchezo. Kisha akavuta pumzi, akaigonga kwenye krachai, kwenye mchaichai, kwenye ndimu. "Tajirika," alisema, bila imani sana. "Tajirika."

Halafu bibi mmoja aliyekuwa amekuja kucheka tu akajipenyeza mbele. "Hebu nami nipimie hizo kunde. Ile alipoivunja niliisikia kutoka kwa muuza mayai. Hiyo ni mbichi haswa."

"Na mimi mchaichai," alisema mwingine. "Maadamu nimeshafika hapa."

Umati mzima si ulikuwa umesimama mbele ya meza ile? Mikono ikaanza kunyooshwa, mifuko ikafunguka, na Chamoi akawa anapima huku analalamika kwamba wanamsukuma, uso wake umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Bunruean alipogeuka kuondoka, Chamoi alimrushia kikapuni nyongeza, shada la mrehani na kiganja kizima cha pilipili. "Kimbia, wewe! Watawa hawangoji!"

*

Alikimbia. Saa mbili kasoro kikapu kilikuwa jikoni, na Lamyai alikuwa ameketi kwenye kiti, mguu juu ya tairi la lori, mwiko mkononi kama kirungu cha askari. Majirani wanne walimenya, walikuna, walikamua tui. Bunruean aliambiwa atandaze magunia juu ya vigae vyake vyote, asije akaanguka mtu wa pili. Akatandaza. Sakafu ya benki ikageuka ghala la mpunga.

Kazi ngumu ni kutwanga, na watwangaji walikuwa wamechoka. Saa mbili na nusu akaingia Chamoi, vikapu vyake vitupu vimepachikana, amejifunga kitambaa kichwani. "Nimemaliza," alisema mlangoni. "Kila kitu. Hata majani ya kufungia. Mchi uko wapi?"

Watawa walipoketi na kuanza sala, harufu ya krachai na tui ilikuwa imeshavuka ua. Saa tano kasoro robo chakula kilitengwa, samaki ameyeyuka ndani ya mchuzi, mafuta ya njano yanaelea juu, tambi ndefu hazijakatwa, maana mwenye kukata tambi siku kama hii anakata maisha ya wenye nyumba. Watawa walikula, wakabariki, kisha watu wote waliobeba mbao wakaketi juu ya magunia. Mjomba Sanit alileta ndoo ya kahawa ya barafu, bure, na hakutaka maswali. Seremala mzee aliyesimamia paa alikunywa mchuzi wa mwisho kutoka kwenye bakuli, akaliweka chini, akasema neno moja tu, "Lamyai." Na Lamyai akalia mbele za watu, akiwa na furaha tele, mwiko bado mkononi.

*

Mganga alisema kifundo kitataka wiki sita. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri Bunruean alikuwa sokoni tena, orodha mkononi. Kwa birika la Sanit alipita bila kugeuza shingo.

Meza ya Chamoi ilikuwa imepangwa, na hapakuwa na mteja. Bunruean akasita. Jana ilikwisha vizuri, lakini bahati haijaribiwi mara mbili. Akajibanza nyuma ya sanduku la barafu la muuza samaki, angoje mwingine afungue kwanza, ndipo yeye ajitokeze.

Akaja mama mmoja, akainama kwenye mboga. Chamoi alimwambia neno, naye akaweka kikapu chini, akasimama kando. Akaja wa pili, naye akasimama kando. Wa tatu alikuja na mtoto mgongoni, akafuata mstari. Bunruean akashangaa. Watu wanangoja nini?

Chamoi alijishika kiuno, akageukia lile sanduku la barafu.

"We Bunruean! Toka huko! Mkono wenyewe umeuficha, na watu hapa wanakungoja ufungue!"

Soko lote likageuka. Bunruean akatoka, barafu imemlowanisha suruali, akapita mbele ya wale wanawake watatu akiwaomba radhi. Akafika mezani, akatia mkono mfuko wa shati, akampa Chamoi noti ya kijani kwa mikono miwili, kabla hajagusa kitu.